Pikipiki ya matuta kwa mtoto mdogo: maswali ya wazazi, na pigo la tumbo wasiloliuliza

Shule zikifungwa najua zamu zangu za jioni zitakuwaje. Mtoto wa miaka sita kavunjika mkono, kaka yake kachubuka magoti, na pembeni amesimama baba na helmeti mpya isiyo na hata mkwaruzo mmoja, kwa sababu siku hiyo "ilikuwa ni kuzunguka uani tu". Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura. Maswali yaliyo hapa naulizwa na wazazi, wachache kabla ya kununua, wengi baada.

Pikipiki ya matuta ni ipi hasa?

Ni pikipiki nyepesi ya kukimbizia kwenye vumbi, mchanga na vilima. Haina taa wala vioo vya pembeni, na matairi yake yana meno. Za watoto wadogo mara nyingi zina injini ya cc 50 isiyo na gia za kubadilisha, au mota ya betri. Zimepakwa rangi za kupendeza, kwa hiyo watu huzihesabu pamoja na vitu vya kuchezea. Hiki ni chombo cha moto. Yenye injini ya cc 50 hufika kilo 40 na kuendelea, wakati mtoto wa miaka sita ana kilo 20 hivi. Wakipinduka wote wawili, nani atamlalia mwenzake?

Mwanangu ana miaka mitano na analilia pikipiki. Nimnunulie?

Usinunue. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa vyombo vya moto vya nje ya barabara. Miaka 16! Mzazi akisikia hivyo hucheka, anadhani natia chumvi.

Najua wapo watoto wadogo wanaofundishwa kwenye viwanja maalumu, wakiwa na mwalimu na mavazi kamili. Hao siwaoni mara nyingi. Ninaowaona ni wa uani, wenye ukuta upande mmoja na gari limeegeshwa upande wa pili, na msimamizi ni binamu wa miaka kumi na mbili.

Lakini baiskeli anaiendesha vizuri sana.

Baiskeli ukiacha kukanyaga, inapungua mwendo yenyewe. Pikipiki inakwenda kadiri mkono wa kulia unavyokunja mpini wa mafuta. Sasa mtazame mtoto anapoogopa: anafanya nini na mikono yake? Anaikaza. Pikipiki ikiruka mbele, mwili wake unabaki nyuma, mikono inavutwa, na mafuta yanazidi kufunguka. Wazazi hunisimulia tukio hili kwa maneno yaleyale: "Nilimpigia kelele aachie, yeye akazidi kuvuta." Mtoto alikuwa anajishikilia asianguke, basi. Kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao nyingine zinaufikia kizuizi cha mafuta, kile kinachouzuia mpini usikunjwe sana, kikilegezwa, anakula mita 11 kila sekunde. Huo uani una mita ngapi?

Halafu kuna mwili wenyewe. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na shingo yake. Mifupa yake bado ina sehemu laini karibu na viungo, ambazo ndizo zinazorefusha mfupa. Zikivunjika vibaya, mguu au mkono unaweza kubaki mfupi au kupinda. Mbavu zake zinabonyea kama mti mbichi, kwa hiyo pafu au ini linaweza kuumia ndani bila ubavu hata mmoja kuvunjika.

Akivaa helmeti je?

Avae, tena ya pikipiki inayofunika kidevu, siyo ya baiskeli. Iwe ya saizi yake: ukiishika na kuizungusha, ngozi ya paji la uso iende nayo. Helmeti ya baba inayocheza kichwani haina kazi. Iliyokwisha kugongwa sana kwenye ajali haifai tena, hata kama kwa nje inang'aa. Na helmeti, kwa ubora wake wote, haifiki tumboni.

Ameanguka, amelia kidogo, akanyamaza. Hana jeraha. Kuna haja ya hospitali?

Hili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kwanza jiulize: usukani ulimpiga tumboni? Pikipiki ndogo ikianguka, gurudumu la mbele hugeuka upande. Ncha moja ya usukani inachimba ardhi, nyingine inaelekea juu, na mtoto anaiangukia. Pigo lote la mwili wake linaishia kwenye duara dogo kama kizibo cha soda. Nyuma ya tumbo kuna uti wa mgongo. Kilichobanwa kati ya bomba la chuma na uti wa mgongo ni wengu (kiungo laini chini ya mbavu za kushoto), ini, kongosho au utumbo.

Kwa nje utaona nini? Pengine alama nyekundu ya mviringo chini ya mbavu. Pengine usione kitu.

Kuna mvulana aliletwa siku ya pili baada ya kuanguka. Mama yake aliniambia, "Sista, hajaumia, ila hataki kula na amekuwa mvivu." Mtoto alikuwa amekaa amejikunja kidogo upande wa kushoto, akipumua kwa juujuu. Nilipotaka kupandisha fulana akanishika mkono. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na pete ya bluu. Nilimuuliza panapouma ni wapi, akagusa bega. Bega lenyewe lilikuwa zima kabisa: damu iliyomwagika kutoka kwenye wengu husumbua kiwambo cha kupumulia, na maumivu yake husikika juu, kwenye bega la kushoto. Siku nzima nyumbani walikuwa wakimchua bega kwa dawa ya misuli.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Mtoto aliyepigwa na usukani tumboni apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana jeraha.

Lakini hakuna damu.

Damu unayoitafuta iko ndani. Mtoto wa kilo 20 ana damu ya lita moja na nusu hivi. Akipoteza robo yake, ambayo haijazi chupa ya maji ya nusu lita, tayari yuko hatarini, na tumbo linaweza kuimeza yote hiyo usione hata tone. Mwili wa mtoto ni hodari wa kuficha: mishipa inajibana, moyo unakimbia, presha inabaki ya kawaida, kisha inaporomoka ghafla. Ukisubiri mpaka aonekane mgonjwa sana, umesubiri mpaka mwisho wa uwezo wake.

Apelekwe hospitali.

Lakini ameamka asubuhi anacheza.

Nashukuru. Bado apelekwe. Wengu uliopasuka kidogo unaweza kujifunga kwa damu iliyoganda, kisha ukaachia baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa. Utumbo uliotoboka huchukua muda mpaka uchafu wake uchafue tumbo na homa ianze. Damu ikivilia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, njia huziba pole pole, na kesho yake au keshokutwa mtoto anatapika maji ya kijani. Kongosho nalo huweza kutulia kisha likaanza kuuma upya. Kucheza kwake asubuhi kunakueleza habari za asubuhi ile tu.

Tumpe dawa ya maumivu tuone hali mpaka kesho?

Hapana. Mnatuliza kengele huku moto unaendelea. Aspirini ndiyo msiiguse kabisa: haifai kwa watoto, na inazidisha kuvuja damu. Msimkande tumbo, msimchue, msimfunge kitambaa cha kubana. Msimpe chakula wala kinywaji mkiwa njiani, maana akihitaji upasuaji tumbo linatakiwa liwe tupu. Najua kumnyima maji mtoto anayelia kunauma. Lowesheni midomo yake.

Na hiyo "mpaka kesho", jamani, naisikia kila wiki. Mpaka kesho kwa sababu ni usiku, mpaka kesho kwa sababu baba yake yuko safarini, mpaka kesho kwa sababu bibi kasema watoto huanguka. Watoto huanguka, kweli. Huyu alianguka na kilo 40 za chuma.

Sababu nyingine ya kuchelewa, ambayo wazazi hawaisemi mpaka niwabane, ni hofu ya kisu: wakifika watapasuliwa. Ukweli uko kinyume na hofu hiyo. Watoto wengi walioumia wengu au ini hupona bila upasuaji, kwa kulazwa, kutulia kitandani na kupimwa mapigo na damu mara kwa mara. Anayeletwa mapema ana nafasi kubwa ya kubaki na wengu wake. Anayeletwa amekwisha kupauka hatupi muda wa kufikiria, na akitolewa wengu ataishi akihitaji chanjo na uangalifu zaidi dhidi ya baadhi ya vijidudu.

Dalili zipi zinataka tukimbie sasa hivi?

Kupauka midomo na viganja, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo ya mbio wakati ametulia. Tumbo gumu, lililovimba, au asilotaka liguswe. Maumivu ya bega bila bega kuumia. Kutapika, hasa kijani au damu. Mkojo wenye damu. Usingizi usio wa kawaida. Hapo hakuna swali la pili. Ila msiigeuze orodha hii kuwa kisingizio, mkakaa kusubiri dalili zitokee. Usukani umempiga tumboni? Hiyo peke yake inatosha.

Na akiangukia kichwa?

Akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akitapika zaidi ya mara moja, akichanganyikiwa, akipata degedege, akitoka maji maji puani au sikioni, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali bila kuchelewa. Anaweza kuanguka, akaamka akazungumza vizuri, na baada ya saa chache akazimia, kwa kuwa damu inakusanyika chini ya fuvu. Kama analalamika shingo, msimwinue kwa kumvuta mikono. Atulie alale kama alivyo, kichwa kishikwe kisigeuke, mpaka msaada ufike.

Ameungua mguu kwenye ekzosi.

Maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Hesabu kwa saa, maana wengi huchoka ya tatu. Dawa ya meno, mafuta na unga viacheni vilipo. Mimi ndiye nitakayevibandua juu ya ngozi ya mtoto akipiga kelele. Lengelenge msilipasue.

Pikipiki tumekwisha kununua. Tuitupe?

Mkiiuza sitawazuia. Kama mtaibakiza, basi mtoto mmoja tu juu yake, bila mdogo wake kupakiwa nyuma. Mtu mzima awe hatua chache kutoka kwake, macho kwake, simu mfukoni. Kizuizi cha mafuta kibaki kilivyowekwa kiwandani. Iwe na kamba ya kuzima injini inayofungwa mkononi mwa mtoto, ili akianguka injini izime. Miguu yote miwili ikanyage chini akiwa amekaa, la sivyo ni kubwa kwake. Hili la kununua kubwa "atakulia humo" ni la viatu. Viatu vya kufunika kifundo, glovu, kinga ya kifua, magoti na viwiko. Barabarani isitoke hata kwa kuvuka. Na funguo zikae mahali ambapo mtoto hawezi kufika, kwa sababu ajali nyingine hutokea mzazi akiwa amelala mchana.

Tukifika hospitali tuseme nini?

Semeni ni pikipiki. Wazazi huona aibu, wanasema alianguka kitandani, aliteleza bafuni, alikuwa anakimbia. Nikisikia "aliteleza bafuni" naanza kutafuta kingine, na dakika zinakwenda. Sijakaa pale kuwahukumu, hata kama uso wangu wa saa nane usiku unasema vingine. Nataka kujua ilikuwa saa ngapi, alikuwa na mwendo gani, alivaa nini, alipoteza fahamu au la, mara ya mwisho alikula nini na lini, mmempa dawa gani. Zaidi ya yote, usukani ulimgusa wapi.

Kama kuna picha ya hiyo pikipiki kwenye simu, nionyesheni, kuzeni picha mpaka ncha za usukani. Mara nyingi ule mpira wa kushikia umekwisha kuliwa nchani, na bomba la chuma limetokeza wazi, duara lenye makali. Hapo nitapandisha fulana nikitafuta duara la kipimo hichohicho.