Kusahau kwa wazee: ni uzee, ni ugonjwa, au ni dawa ya mafua?

Mama ana miaka 68. Akitaka kuniita, huanza na jina la dada, la kaka, hata la mjukuu, ndipo afike kwangu. Ni dalili mbaya?

Hapana. Majina ya watu ndiyo ya kwanza kuponyoka, na hata vijana hukosea hivyo. Umri ukisogea, ubongo hupungua ukubwa kidogo, hasa sehemu ya mbele inayopanga mambo, na hipokampasi, kipande kidogo kilichojificha ndani, usawa wa masikio, kinachosaidia kuhifadhi matukio mapya. Mawasiliano kati ya seli nayo hupungua kasi. Ndiyo maana mzee huchelewa kujibu, na kupika huku akiongea na simu humchanganya. Msamiati wake na ujuzi wa kazi aliyoifanya miaka mingi hubaki imara. Msimkatishe kauli, jina litakuja.

Sasa nitajuaje kama ni ugonjwa?

Mkumbushe, kisha usikilize anavyojibu. Akisema "aa, kweli, uliniambia", huo ni uzee. Akiapa kwamba hamkuzungumza kabisa, na ikawa hivyo mara kwa mara, fuatilia. Angalia pia kazi alizozizoea. Kusahau namba ya siri ya simu aliyoibadilisha juzi si hoja. Lakini mtu aliyepika pilau maisha yake yote akasimama mbele ya sufuria asijue kinachoanza ni kitunguu au mchele, au akapotea njia akirudi kutoka msikitini, huyo anahitaji daktari. Mara nyingi mwenyewe haoni tatizo, ninyi ndio mtaliona.

Demensia si ndiyo uzee wenyewe?

Siyo. Ni hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, inayoletwa na magonjwa yanayoharibu seli za ubongo, na ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza ugonjwa huo mwaka 1906, kutokana na mgonjwa aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51 tu. Wengine hupata demensia kutokana na kiharusi au presha ya muda mrefu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta takriban 6 kati ya kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi wana demensia. Wengi, basi, huzeeka bila kuipata.

Bibi hakusoma. Atapimwaje?

Swali zuri, kwa sababu vipimo vingi vya kigeni humpa mtu kalamu achore, na asiyewahi kushika kalamu huonekana mgonjwa. Huko huko Hai kulitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Mzee hutajiwa maneno kumi, na baadaye huulizwa anayoyakumbuka. Huulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji ni nani. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kisha mpimaji hupanga njiti nne za kiberiti kwa umbo fulani, naye aige.

Juzi alikuwa mzima, leo anaongea na watu wasiokuwepo. Ndiyo demensia imeanza?

Kwa kawaida demensia haiji kwa siku mbili. Mpelekeni hospitali leo, siyo kesho. Inaweza kuwa UTI, nimonia, malaria, upungufu wa maji mwilini au sukari iliyoshuka, na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za dukani. Piriton, tunayoimeza kirahisi kwa mafua, inaweza kumvuruga mzee akili, na vivyo hivyo vidonge vya usingizi kama diazepam.

Hata usahaulifu unaokuja polepole una vyanzo vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12 (anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi aulizie), tezi ya thairoidi ya shingoni inayofanya kazi kwa ulegevu, sonona, au damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Ndiyo sababu kumwambia mtu "ni uzee tu" bila kumpima ni uzembe.

Majirani wanasema ni mchawi, anatembea usiku.

Kutangatanga usiku ni dalili inayojulikana ya demensia. Kuna wazee waliouawa Kisii, Kilifi na Usukumani kwa tuhuma za aina hii. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa au chifu mapema kwamba mna mgonjwa, na asiachwe peke yake.

Kuna kinga?

Ya uhakika hakuna. Lakini jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Ningeanza na presha na sukari, kisha masikio: asiyesikia huacha kuzungumza na watu, na upweke nao umo katika orodha ya hatari. Mtoto wa jicho atolewe. Fedha za vidonge vya "kuongeza kumbukumbu" nunulieni mashine ya kupimia presha.

Kila jioni anauliza babu yuko wapi, na babu alifariki. Tumwambie?

Mkimwambia kila jioni, kila jioni anafiwa upya. Muulizeni babu alikuwa mtu wa namna gani, mwacheni asimulie, kisha mleteeni chai. Na anayemhudumia mchana asiwe yuleyule anayekesha naye.