Homa ya mafua Dar es Salaam: maswali na majibu kuhusu ugonjwa na gharama zake

Dar es Salaam haina baridi kali. Je, homa ya mafua inatuhusu?

Inatuhusu, tena mwaka mzima. Katika nchi zenye majira ya baridi, virusi vya influenza, ambavyo ndivyo husababisha homa ya mafua, huwalaza watu wengi kwa wakati mmoja, hospitali zikafurika, na kila mtu akajua kuwa msimu wa mafua umefika. Katika nchi za joto virusi hivyo huendelea kuzunguka mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi huongezeka nyakati za mvua, watu wanapojibana ndani na madirisha ya daladala yanapofungwa. Kwa kuwa wagonjwa hawaji kwa mkupuo mmoja unaoonekana na wote, ni rahisi kudhani kwamba tatizo halipo.

Inatofautianaje na mafua ya kawaida?

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi vingine na huanza polepole, kwa kamasi na koo kuwasha. Homa ya mafua huja ghafla: aliyeamka mzima hupandwa na homa kufikia jioni, akaumwa kichwa, misuli na viungo, akakohoa kikohozi kikavu na kukosa nguvu. Dalili hujitokeza kwa wastani siku mbili baada ya kuambukizwa. Walio wengi hupona ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi kinaweza kuendelea kwa wiki mbili au zaidi.

Mbona wengi wetu tukipata dalili hizo husema ni malaria?

Kwa sababu dalili zinafanana, na kwa sababu kwa miaka mingi neno homa na neno malaria yametumika mtaani kana kwamba ni kitu kimoja. Wazo la kuikumbuka malaria si baya, kwani ni ugonjwa unaoua na haufai kupuuzwa. Kosa huanza pale mgonjwa anapomeza dawa mseto bila kupima au, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, anapopimwa kwa kipimo cha haraka, akaambiwa hana vimelea, kisha akanunua dawa ya malaria hata hivyo «kwa usalama». Asipopata nafuu siku ya pili hurudi duka la dawa kutafuta antibiotiki. Antibiotiki huua bakteria na haina uwezo wowote juu ya virusi. Kuitumia ovyo hulea usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na siku nimonia ya bakteria itakapomfika kweli, dawa iliyokuwa ikitegemewa inaweza kushindwa kumtibu.

Ugonjwa wa wiki moja unawezaje kuwa mzigo wa kiuchumi?

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama lishe wa Buguruni ambaye, akiondoa gharama zote, hubaki na shilingi 15,000 kwa siku. Akilala siku tano amepoteza shilingi 75,000 kabla hajanunua hata kidonge kimoja. Ongeza nauli ya kwenda hospitali, kumwona daktari, vipimo, na dawa mbili au tatu ambazo huenda hakuzihitaji. Ongeza pia kwamba mtaji wake ni uleule unaolisha nyumba, hivyo akipona huanza upya kwa mkopo, na kwamba wateja wake wamekwisha kuzoea kula kwingine. Mtoto akiugua badala yake, hesabu haibadiliki sana, kwa maana anayebaki nyumbani kumuuguza ni yuleyule.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili. Mama lishe, machinga na dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hawana pa kudai haki hiyo. Ndiyo maana wengi huenda kazini wakiwa na homa, na ndiyo maana ugonjwa husambaa sokoni na vituoni. Binafsi naona siku hizi zinazopotea ni mzigo mzito kuliko bei ya dawa, ila kwa kuwa hazina risiti, hakuna anayezijumlisha.

Ni nani walio hatarini zaidi?

Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, na wenye pumu, kisukari, selimundu, magonjwa ya moyo au VVU. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa homa ya mafua ya msimu husababisha vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kutokana na matatizo ya upumuaji. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa maambukizi ya mapafu yanayohusiana na influenza, asilimia 99 wako katika nchi zinazoendelea.

Je, kuna chanjo?

Ipo, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini, kwa hiyo anayeihitaji aulize kwenye hospitali anayotibiwa. Chanjo ya nimonia anayopewa mtoto kliniki haizuii influenza, lakini humkinga dhidi ya bakteria ambao mara nyingi hufuata nyuma yake.

Nyungu na tangawizi zinasaidia?

Kinywaji cha moto chenye tangawizi na limau hutuliza koo. Nyungu haiui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto ni ajali inayosubiri kutokea. Pumzika, kunywa maji mengi, tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi, na usimpe mtoto aspirini.

Nitajuaje kuwa mtoto wangu apelekwe hospitali mara moja?

Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni dalili ya hatari. Vivyo hivyo kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, na usingizi usio wa kawaida. Hapo usipitie duka la dawa kwanza.