Vidonge vya damu si dawa ya ini

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mwenye ugonjwa wa ini akilalamika uchovu, ushauri humfikia kabla hajaketi: "Kanywe vidonge vya damu, mwili utachangamka." Vidonge hivyo ni vya madini ya chuma. Wazo hili ni la siku nyingi, na lina nusu ya ukweli.

Mgonjwa wa ini kweli anaweza kupungukiwa damu. Huku kwetu ziwani kichocho cha tumbo huchangia: mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, makovu huziba njia ya damu, bandama huvimba, na mishipa ya umio (njia ya chakula) hutuna hadi kupasuka. Lakini uchovu peke yake hauthibitishi kwamba madini ya chuma yamepungua. Chuma kikizidi, mwili hauna njia ya kukitoa. Hukiweka akiba, na ghala kuu ni ini lilelile linaloumwa.

Kinachonitisha zaidi ni jambo dogo: vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi. Choo cheusi tii, kinachonata kama lami, ni dalili ya damu kuvuja tumboni. Mgonjwa husema "ni vile vidonge tu," akabaki nyumbani, kumbe alipaswa kukimbizwa hospitali usiku uleule.

Basi kipimo kwanza: wingi wa damu na akiba ya chuma. Upungufu ukionekana, daktari ataandika vidonge, na hapo vinywe. Zinki mara nyingi hupungua kwa wenye makovu ya ini, lakini nayo isinunuliwe kwa kubahatisha.

Dagaa endelea kula, ila tumbo likijaa maji, wale wa chumvi waache.