Kitambaa kinachoua bakteria kikimulikwa: maswali na majibu

Kitambaa hiki kimetengenezwa kwa nini?

Kimetengenezwa kwa nyuzinano, yaani nyuzi za polima (vitu vya jamii ya plastiki) zenye unene wa nanomita mia chache tu, ilhali unywele wa binadamu hufikia nanomita 50,000 na zaidi. Polima huyeyushwa pamoja na rangi maalumu, kisha husukumwa polepole kupitia sindano iliyounganishwa na umeme wa maelfu ya volti. Tone lililo kwenye ncha ya sindano huchongoka, likachomoza uzi unaoyumbayumba hewani na kukauka kabla haujatua kwenye bamba, ambako nyuzi hulaliana hadi zikawa utando laini. Rangi inayotumika mara nyingi ni ya jamii ya pofirini, ambayo ni ndugu wa ile inayoipa damu wekundu wake.

Mwanga unauaje bakteria?

Mwanga wenyewe hauui. Kazi yake ni kuiamsha rangi. Rangi iliyoamshwa huipa oksijeni ya hewani nishati iliyoipokea, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali, ikaunguza mafuta na protini za utando wa bakteria. Ukali huo haudumu: ndani ya maji huisha katika sehemu chache za milioni za sekunde, kabla oksijeni haijasafiri hata urefu wa bakteria mmoja. Ndiyo sababu wembamba wa nyuzi una maana kubwa, kwa kuwa oksijeni hupenya uzi kwa urahisi na kutoka upande ambao bakteria ameugusa. Aliye mbali kidogo tu na kitambaa hadhuriki.

Je, ni jambo jipya?

Nyuzi ndizo mpya. Mwaka 1900, Oscar Raab, mwanafunzi wa tiba mjini Munich, aliandika kwamba rangi ya akridini iliua viumbe vidogo vya majini upesi zaidi palipokuwa na mwanga.

Kimewahi kujaribiwa kwa wagonjwa?

Ndiyo. Mwaka 2012 watafiti wa Prague, nchini Cheki, walichapisha matokeo ya kukitumia kufunika vidonda sugu vya miguu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza utando wa barakoa na mavazi ya kinga unaochajiwa na mwanga wa mchana.

Je, kitachukua nafasi ya antibayotiki?

Sidhani. Bakteria waliozama ndani ya nyama ya kidonda hawafikiwi. Faida yake iko kwingine: kwa kuwa oksijeni hiyo hushambulia sehemu nyingi za bakteria kwa wakati mmoja, ni vigumu bakteria kujijengea usugu kama wanavyofanya kwa dawa. Hata hivyo, baadhi yao wenye utando wa ziada wa nje, kama *E. coli*, huwa wagumu zaidi kuuawa, na rangi yenyewe hupauka kadiri inavyomulikwa.

Nikianika bendeji ya kawaida juani, nitapata matokeo hayo?

Hapana. Bendeji ya kawaida haina rangi hiyo. Jua huikausha na kupunguza baadhi ya vijidudu vya juu, lakini haliifanyi iwe safi kiasi cha kurudishwa kwenye kidonda; iliyokwisha kutumika itupwe, ifungwe mpya.