Bakteria wa nyungunyungu hawajajificha tumboni

"Udongo una tindikali, sawa, lakini bakteria wa nyungunyungu wako tumboni, hawadhuriki." Kauli hii naisikia karibu kila ninapoombwa ushauri wa kufufua udongo uliochoka, na mara nyingi anayeitoa ameshanunua chupa ya bakteria na anasubiri tu nimwambie amwage kiasi gani. Jamani, pimeni pH kwanza, yaani kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, na chini ya hapo ni tindikali!

Tumbo la nyungunyungu hukaribia pH 7 hata udongo wa nje ukiwa na tindikali kiasi. Hapo ndipo watu wanapoishia kusoma. Bakteria walio wengi humo ndani wameingia na udongo uliomezwa, na baada ya saa kadhaa wanatoka na kinyesi. pH ndiyo inayochuja nani aishi kwenye udongo ule, kwa hiyo ndiyo inayoamua pia nani amezwe.

Na wakishamezwa, kemia ya udongo inawafuata. Tumboni hamna oksijeni, unyevu ni mwingi na ute umejaa sukari, basi bakteria waliokuwa wamelala udongoni huamka kwa pamoja. Baadhi yao, kwa kukosa oksijeni, hutumia naitreti (aina ya naitrojeni ambayo mimea huila) badala yake na kutoa naitrojeni pamoja na naitrasi oksidi, gesi ambayo hupimika ikimtoka nyungunyungu akiwa hai. Naitreti hiyo imetoka udongoni, ikiwemo mbolea uliyoweka wewe mwenyewe.

Mbolea hizohizo, zile za amonia, zikirudiwa mwaka hadi mwaka bila chokaa ya kupunguza tindikali hushusha pH, na nyungunyungu wa spishi nyingi hawavumilii chini ya 4.5 hivi. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna jaribio la nyasi lililoanza mwaka 1856 na bado linaendelea. Kwenye vipande vilivyopewa salfeti ya amonia bila chokaa, udongo umechachuka, nyungunyungu wametoweka, na mabaki ya nyasi yamelala juu tabaka nene kwa kuwa hakuna wa kuyavuta chini. Pale ungemwaga bakteria wa chupa wakaishi tumboni mwa nani?

Wapo pia wanaoamini kwamba bakteria wote wa nyungunyungu ni wapita njia. Hapana. Bakteria aitwaye Verminephrobacter huishi kwenye viungo vya nyungunyungu vya kutolea mkojo, na mzazi huwarithisha watoto bakteria hao ndani ya kifuko cha mayai.

Kwamba tumbo la nyungunyungu huua vijidudu vyote vya magonjwa vilivyo kwenye samadi? Hupunguza baadhi tu. Samadi iivishwe kwa joto kwanza.

Mwisho ni wale wanaodhani chokaa ikizidi ndiyo bora. Chokaa iliyochomwa huunguza ngozi ya nyungunyungu, na ngozi hiyo ndiyo anayopumulia. Kwenye kitanda cha kufugia nyungunyungu chenye samadi mbichi hali ni mbaya zaidi: pH ikipanda ghafla, amoniamu hugeuka gesi ya amonia na kuwaua. Ukisikia harufu inayochoma pua, usiongeze chochote. Funua, pindua taratibu, weka makapi makavu. Amonia ikiisha na pH bado iko chini, tumia chokaa ya kilimo iliyosagwa laini, kidogo kidogo, na upime tena kabla ya kurudia.