Tope la oili kwenye pikipiki ya zamani ya CG: usiikoshe kwa dizeli, fungua kava

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja kaniletea Honda CG125, ile yenyewe sio hizi za Kichina zilizofuata ramani yake, ilikaa stoo miaka mingi alafu kijana wake akaifufua akaipiga kazi miezi minne bila kumwaga oili hata mara moja. Nikachomoa kijiti cha kupimia, kitu cheusi kizito kinavutika kama lami. Mzee akaniambia fundi weka dizeli iungurume dakika tano ikoshe, mbona vijiweni wote wanafanya hivyo. Nikamwambia hapana baba, hilo kwangu halifanyiki.

Sikatai kwa ubishi. Dizeli ni nyepesi, haiwezi kutenganisha chuma na chuma kama oili, na injini ikiwaka, hata ikiunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka) inapigwa kila mzunguko. Alafu tope la miaka haliyeyuki kwa dakika tano, linabanduka tu mabonge mabonge. Sasa hayo mabonge yanaenda wapi? Yanaenda kuziba wavu wa pampu ya oili. Nshapokea pikipiki ya kijana wa bodaboda iliyokoshwa hivyo, siku ya tatu ikaanza kugonga, tukafungua tukakuta beringi ya konrodi imekwisha, krenki nzima ikashuka. Kijana ndo kwanza alikuwa analipa mkopo wa hiyo pikipiki. Iliniuma sana.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba CG haina chujio la karatasi kama la gari. Ina wavu wa waya kule chini pampu inakonyonyea, na ina kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya krenki, upande wa kulia, ndani ya kava la klachi. Hiki kikombe kinazunguka na krenki, oili ikiingia mle uchafu mzito unarushwa pembeni unaganda ukutani, ile safi inaendelea ndani ya krenki kwenda kwenye beringi ya konrodi. Kikijaa ndo basi tena, uchafu unapita moja kwa moja. Na lililoganda mle halitoki kwa kumwaga oili hata ukimwaga kila wiki, na dizeli haina njia ya kulitoa. Ni mkono tu.

Kwa hiyo ya mzee niliipeleka raundi kama dakika kumi ipate moto, nikafungua nati ya chini namba 17, nikaiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho. Nikatoa kiki, nikatoa kibao cha kukanyagia kilichokuwa kinazuia, nikachomoa waya wa klachi, nikafungua bolti za kava nikizichomeka kwenye boksi lililochorwa umbo la kava kwa sababu urefu wake haulingani, ukiweka ndefu mahali pa fupi unapasua bodi ya injini. Kuna kimlija kidogo chenye springi kinachopitisha oili kutoka kwenye kava kwenda kwenye kikombe, kikianguka hukioni na ukifunga bila hicho konrodi haipati oili vizuri, kwa hiyo kitafute mapema ukiweke pembeni.

Kikombe kina kifuniko cha skrubu tatu. Hizi zinakaza balaa, tumia bisibisi ya kugonga na nyundo usizimalize vichwa. Nilipokifungua, tope limejaa limeacha katobo katikati tu kanakoingia penseli, gumu kama udongo wa mfinyanzi, nikalichokonoa kwa kijiti cha mti maana bisibisi inakwangua. Ukilisugua kati ya vidole linakwaruza, hilo ni vumbi la barabarani na unga wa chuma. Kwenye wavu wa chini nikakuta vipande vya silikoni nyekundu, kuna fundi alipaka kama siagi kwenye mkate. Jamani tumieni gasketi ya karatasi, silikoni ikizidi inaingia ndani.

Kuosha ni petroli kidogo na mswaki, mbali na moto kabisa, glavusi mkononi kwa sababu oili chafu inadhuru ngozi. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Oili ya zamani weka kwenye dumu, kuna watu wanapaka nguzo kuzuia mchwa, usimwage mtaroni.

Kwenye kufunga, nati ya chini usiikaze kwa hasira, bodi ni alumini, uzi unakufa. Oili inaingia kama lita moja, mi naweka ya pikipiki yenye uzito wa 20W-50 iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili isiyotelezesha klachi, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze. Oili ya kupima kwenye injini kama hii sikubali kabisa, hujui imetoka wapi. Kabla ya kuwasha chomoa plagi, piga kiki kama thelathini oili ipande kwanza.

Tope lililobaki kwenye kona ambazo mkono haufiki utaliacha oili mpya ilitoe taratibu, kwa hiyo nilimwambia mzee arudi akifika kilomita 250. Jana karudi, tumemwaga, imetoka nyeusi bado lakini laini, wavu una punje chache tu. Tumeweka nyingine, atarudi baada ya 500 tuikague tena kabla sijamruhusu aende safari ndefu.