Kabla hujaomba amri ya Mahakama Kuu, niletee barua yenye muhuri

Wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Arusha huanza hivi: "Wakili, nataka mahakama iwalazimishe wanipe leseni yangu." Nawaelewa. Mama amefunga kibanda Kilombero, ada za watoto zinamsubiri, na kila akienda dirishani anaambiwa arudi kesho. Swali langu la kwanza huwa moja: uliwaandikia?

Amri ya kushurutisha, ambayo mawakili tumezoea kuiita mandamasi, haitolewi kwa sababu umeteseka. Katika shauri la John Mwombeki Byombalirwa, lililoripotiwa mwaka 1986, Mahakama Kuu iliweka masharti tunayoyafuata mpaka leo. Uwe umedai utimiziwe wajibu na ukakataliwa. Wajibu wenyewe uwe wa umma, umewekwa na sheria, tena wa lazima, siyo wa hiari ya ofisa. Uwe na maslahi katika jambo hilo, na usiwe na njia nyingine ya kufaa. Hapo kwenye kudai ndipo nimeona watu wakikwama. Maneno ya kwenye korido utayathibitishaje kwenye kiapo? Andika barua, ipeleke masjala yao, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze kama hati ya kiwanja.

Na hata ukishinda, jaji hakuandikii leseni. Kama sheria imemwachia ofisa kuamua, mahakama itamwamuru aamue. Haitamwambia aamue nini. Naona ni sawa, maana jaji akishika kazi ya ofisa biashara, malalamiko dhidi ya uamuzi huo tutayapeleka kwa nani?

Uamuzi ukishatolewa, unachoomba ni amri ya kutengua. Hii siyo rufaa. Jaji haulizi kama ulistahili kufutiwa leseni. Anauliza kama aliyeifuta alikuwa na mamlaka, kama alizingatia yaliyopaswa kuzingatiwa, na zaidi ya yote, kama ulisikilizwa. Haki ya kusikilizwa imo kwenye Katiba, Ibara ya 13(6)(a). Amri ya kuzuia nayo inafaa kabla jambo halijatendeka. Nyumba ikishavunjwa, hakuna cha kuzuia.

Kwa kuwa mji wetu una Mahakama ya Afrika na ile ya Afrika Mashariki, baadhi ya watu hudhani huko ndiko pa kuanzia. Hapana. Amri hizi hutolewa na Mahakama Kuu ya Tanzania. Wa Kilimanjaro wanaipata Moshi.

Kwanza unaiomba Mahakama Kuu kibali cha kufungua maombi yako, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ukikipata, una siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe. Ndivyo zinavyosema Kanuni za mwaka 2014 zinazoongoza maombi ya amri hizi. Niliwahi kumpokea mzee mmoja aliyefutiwa leseni bila kuitwa hata siku moja. Hoja yake ilikuwa nzito. Lakini barua ya kumfutia ilikuwa na miezi 9, na miezi yote hiyo alikuwa akizunguka kwa wakubwa kuomba huruma.